Mwenye baiskeli apite wapi?

Alfajiri moja pale Kiluvya, kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, jua halijachomoza, nilimkuta mzee amesimama nje ya lami na baiskeli yake, anahema. Kwenye keria kulikuwa na magunia mawili ya mkaa yaliyosimamishwa wima na kufungwa kwa mipira ya tyubu iliyokatwa vipande virefu. Taa hana. Mkononi ana fimbo yenye panda, ile ya kuegemezea baiskeli, kwa kuwa mzigo kama ule hakuna stendi inayoubeba. Semitrela lilikuwa limempigia honi kwa nyuma, naye akakata kushoto akaingia kwenye changarawe. Sasa pale, kati ya lami na changarawe, pana ngazi yenye kina cha kiganja kizima. Kuishuka kulimchukua sekunde moja. Kuipanda tena ilibidi tusaidiane, yeye akivuta usukani na mimi nikisukuma magunia, na tulishindwa mara mbili kabla ya kufaulu.

Nilikuwa nimeshamwamkia, kwa hiyo nikathubutu kumwambia: mzee wangu, hii barabara ni ya hatari. Akanijibu kwa upole kabisa: "Naijua, mwanangu. Sasa sisi tupite wapi?"

Nimelibeba swali hilo kwa muda mrefu, maana mimi mwenyewe napanda baiskeli, na lile la upande wa pili nalisikia kila wiki kwenye daladala na kwenye vijiwe: hawa watu wa baiskeli wanatafuta nini barabara kuu? Ukiyatazama haraka, maswali haya mawili yanagombana. Ukiyafungua taratibu, unaona kwamba ugomvi mwingi unatokana na kuchanganya barabara zisizofanana.

Tuanze na neno lenyewe. Tunaposema "barabara kuu" tunatia vitu viwili kwenye kapu moja. Ipo barabara iliyo kuu kwa sababu inaunganisha mikoa, kama ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro au ya Mombasa kwenda Malindi. Kando yake kuna shule, magenge ya nyanya, gereji, misikiti na makanisa, na watu wanaivuka kwa miguu mchana kutwa. Na ipo barabara ya mwendo wa kasi iliyojengwa kwa ajili ya magari peke yake, yenye uzio, yenye milango yake ya kuingilia na kutokea, ambayo huwezi kusimama kununua hata maji.

Mkataba wa Vienna kuhusu usafiri wa barabarani, uliosainiwa mwaka 1968, unaitambulisha barabara ya aina hii ya pili kwa sifa ambazo mtu yeyote anaweza kuzihakiki kwa macho. Imesanifiwa kwa ajili ya magari. Haihudumii nyumba wala viwanja vilivyo kando yake. Njia ya kwenda na ya kurudi zimetenganishwa. Haikatizwi na barabara nyingine, reli wala njia ya miguu kwa usawa wa ardhi. Ina alama yake maalumu. Kwenye barabara hiyo, kifungu cha 25 kinawazuia waenda kwa miguu, wanyama na baiskeli, pamoja na magari yasiyoweza kufikisha mwendo uliowekwa na nchi husika. Ujerumani, kwa mfano, chombo ambacho hakikuundwa kwenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa hakiruhusiwi kuingia kwenye barabara hizo.

Sasa zisome sifa hizo ukiwa umesimama Kiluvya au Mlandizi. Mama anayechoma mahindi yuko hatua tatu kutoka kwenye lami. Watoto wa shule wanasubiri upenyo wavuke. Bodaboda anatokea kwenye kichochoro na kuingia moja kwa moja barabarani. Hata ikipanuliwa iwe na njia nane, kama ilivyofanyika kati ya Kimara na Kibaha, barabara hii bado ni mtaa wa watu wanaoishi kando yake. Anayesema kwamba dunia nzima inakataza baiskeli barabara kuu amechukua kanuni ya barabara moja akaivisha nyingine.

Hata hivyo, kule kunakokatazwa, katazo lina sababu nzito, na mimi mpanda baiskeli naliunga mkono. Kasi peke yake si tatizo kubwa kama tofauti ya kasi. Mwenye baiskeli ya kawaida huenda kilomita kama 15 kwa saa. Gari la mjini likija nyuma yake kwa kilomita 40, linamkaribia kwa tofauti ya kilomita 25 kwa saa. Likimwona kutoka mita 100, dereva ana sekunde 14 za kupunguza mwendo, kutazama kioo na kumpisha. Ongeza mwendo wa gari uwe kilomita 100. Sekunde 14 zinakuwa 4. Ndani ya sekunde hizo nne dereva anatakiwa amtambue, aamue, aangalie kama njia ya pili iko wazi, ahame. Akiwa ametupia jicho simu, habari imekwisha. Na kishindo hakipandi sambamba na kasi: gari linalokwenda kilomita 100 lina nguvu ya mgongano mara nne ya lile lile likienda 50.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitambui mpaka walipitie. Kwenye barabara za kasi, hatari kubwa ya mwenye baiskeli haiko pale anaponyoosha pembeni. Iko pale magari yanapochepuka. Wewe unakwenda moja kwa moja ukiwa kushoto kabisa, gari la nyuma yako linataka kutoka kwa mchepuko wa kushoto kwa kilomita 80, na njia zenu zinakatana palipochorwa kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Hapo kila mmoja anaamini kwamba yuko sahihi. Halafu kuna upepo wa malori. Lori refu likikupita karibu, kwanza linakusukuma nje, kisha mkia wake unakuvuta ndani kuelekea kwenye matairi. Asiyezoea huyumba mara mbili, na mara ya pili ndiyo mbaya.

Kwa hiyo Nairobi ilipofungua barabara yake ya kulipia mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikiwa imeinuliwa juu ya nguzo, kuzuia baiskeli, pikipiki na tuktuk kule juu halikuwa jambo la ajabu. Uganda nayo kwenye barabara ya kasi ya Kampala hadi Entebbe, ya kilomita 51, ilizuia baiskeli, na pikipiki inayoruhusiwa ni ile yenye injini kubwa ya kuanzia cc 400, ambayo si boda ya kawaida. Wanaopiga kelele kwamba ni ubaguzi, kwenye barabara hizi mbili siungani nao. Barabara ya zamani ya Entebbe bado ipo. Mombasa Road na Waiyaki Way bado zipo, chini na kando ya ile mpya. Swali la haki liko huko chini: ukimwondoa mwenye baiskeli kwenye barabara mpya, ile unayomwachia ina hali gani? Ina ukanda wake, au amebanwa kati ya matatu na mtaro? Nchi inayotumia fedha nyingi kuinua magari juu na kusahau kutengeneza mita mbili za lami pembeni kule chini imefanya nusu ya kazi.

Thika Road ya Nairobi ndiyo inayonipa shida zaidi, kwa kuwa haimo kwenye kapu lolote kati ya hayo mawili. Ilizinduliwa mwaka 2012, pana, ya kasi, ina njia za pembeni za kuhudumia mitaa, ina madaraja ya kuvukia kwa miguu, na sehemu fulani ina njia ya baiskeli. Wakati huohuo watu wanashuka matatu kandokando yake na mitaa mikubwa imeisogelea pande zote. Dereva anaiona kama barabara ya magari peke yake. Mkazi wa Githurai anaiona kama barabara ya kwenda sokoni. Barabara ikiwaambia watu wawili mambo mawili tofauti, watagongana, na mwenye baiskeli ndiye atakayelala chini.

Marekani, ambako watu hudhani kila barabara ya kasi imefungwa kwa baiskeli, mambo hayako hivyo. Jimbo la California lina zaidi ya maili 4,000 za barabara za kasi, na takriban maili 1,000 ziko wazi kwa baiskeli, nyingi zikiwa nje ya miji. Kanuni yake inaeleweka: mamlaka ya barabara inaweza kuzuia baiskeli kwa kuweka bango kwenye njia ya kuingilia, na pale ambapo hakuna barabara nyingine ya kufaa, ukanda wa pembeni unaachwa wazi. Mfano unaojulikana sana uko kusini mwa jimbo, barabara namba 5 inapopita kwenye kambi ya kijeshi ya Camp Pendleton. Kambi imechukua pwani yote pale. Anayetoka San Clemente kwenda San Diego kwa baiskeli hana uchochoro wa kupita, kwa hiyo, asipopitia kambini, hupita pembezoni mwa barabara ya kasi, malori yakimpita kando, na ni halali. Jimbo la New South Wales kule Australia nalo linaruhusu baiskeli kwenye ukanda wa dharura wa barabara za kasi, isipokuwa penye bango la kukataza.

Mimi sikushauri uwaige kwa sababu tu ni Wamarekani. Ukanda wao mara nyingi una upana wa gari zima na haukatiki ghafla. Ninachokichukua kutoka kwao ni utaratibu wa kuuliza kwanza: je, njia nyingine ipo? Jibu likiwa hapana, barabara inabaki wazi na pembeni panatengenezwa. Huku kwetu mara nyingi swali hilo halijaulizwa. Mwenye baiskeli anavumiliwa barabarani, siku akigongwa anaambiwa hakupaswa kuwa pale.

Hapo ndipo linapoingia suala la kanuni, na hapa nitasema na wenzangu wa baiskeli bila kuwapaka mafuta.

Mkataba uleule wa Vienna unapomweleza dereva, unamtaja anayeendesha chombo chochote, baiskeli ikiwemo. Jambo hili lina pande mbili, na wengi wetu tunapenda upande mmoja tu. Ukiwa dereva, una haki ya kuwepo barabarani, kupishwa, kutopigiwa honi kana kwamba ni mbuzi aliyepotea. Ukiwa dereva, pia unasimama kwenye taa nyekundu, unaonyesha mkono kabla ya kukata kona, usiku unawasha taa. Anayedai haki na kukataa wajibu anampa dereva wa lori sababu ya kutomhesabu.

Kosa ninaloliona kila siku ni kwenda kinyume na magari. Ukimuuliza mtu, anakujibu kwa uhakika: nikiliona gari linakuja, naweza kulikwepa. Tulifundishwa hivyo tukiwa watoto, tembea kulia ulione gari, na kwa mtembea kwa miguu fundisho hilo ni sahihi, kwa kuwa anaweza kuruka kando kwa hatua moja. Baiskeli haiendi kando. Inakwenda mbele tu. Piga hesabu: gari kilomita 60, wewe 15. Mkiwa upande mmoja, gari linakukaribia kwa tofauti ya 45, na kwa mita 100 mna sekunde 8. Mkielekeana, kasi zinajumlishwa, zinakuwa 75, na sekunde hazifiki 5. Tena kuna jambo baya zaidi. Dereva anayetoka mtaani akikata kushoto kuingia barabara kuu anatazama kulia, maana magari ya njia anayoingia yanatokea huko. Wewe unamjia kutoka kushoto. Hakutazami. Si mzembe, ametazama pale alipofundishwa kutazama.

Hili la upande gani linaonyesha vizuri kwa nini kanuni ni za mahali. Tanzania, Kenya na Uganda tunakwenda kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanakwenda kulia. Anayevuka mpaka wa Rusumo na baiskeli, kutoka Tanzania kuingia Rwanda, mkono ule ule na pedeli zile zile, anatakiwa ahamie upande wa pili wa lami, na akibaki na mazoea ya Ngara, upande wa Tanzania, kila anayekutana naye ni wa hatari. Hakuna upande ulio bora kuliko mwingine. Ubora wake ni kwamba wote waliopo pale wamekubaliana.

Vivyo hivyo kwenye kusimama. Jimbo la Idaho kule Marekani, tangu mwaka 1982, linamruhusu mwenye baiskeli kuichukulia alama ya "simama" kama alama ya "toa njia": apunguze, atazame, pakiwa wazi apite bila kukanyaga chini. Delaware walifuata mwaka 2017 na sheria inayofanana na hiyo. Kuna hoja nzuri nyuma yake: baiskeli ni polepole, mpandaji anaona na kusikia vizuri kuliko aliye ndani ya gari, na kuondoka upya kutoka kusimama kunamchosha na kumweka muda mrefu katikati ya makutano. Nawasikia vijana wa klabu za baiskeli wakiitumia hoja hii kupita taa nyekundu hapa mjini. Wamekosea. Kule Idaho dereva anajua kwamba mwenye baiskeli anaweza kupita, kwa sababu imeandikwa kwenye sheria. Hapa dereva anategemea utasimama. Kinachokulinda ni yeye kujua utafanya nini, na hicho hukipati kwa kuagiza kanuni ya mbali ukaitumia peke yako.

Lakini kanuni nazo zinatakiwa zimwangalie mtu anayezifuata. Burundi ndiko nilikojifunza hili. Bugarama iko juu ya mlima, zaidi ya mita 2,000. Bujumbura iko chini ziwani, haifiki 800. Vijana hushuka na ndizi zimerundikwa kwenye keria mpaka mpandaji haonekani kwa nyuma, kilomita thelathini na kitu za kona na mteremko, breki zikinuka. Kupanda kurudi, wanashika mkia wa lori. Wanne, watano, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani. Kifungu cha 27 cha ule mkataba kinakataza wazi baiskeli kuvutwa na chombo kingine, na kinakataza kubeba mzigo unaomzuia mpandaji kuendesha au unaohatarisha wengine. Kifungu ni sahihi. Lori likifunga breki ghafla, hakuna pa kukimbilia. Lakini kijana yule hakuchagua lori kwa sababu anapenda kufa. Mlima una urefu wake, ndizi zina bei yake, na nauli ya gari ingekula faida yote. Mwezi Machi 2022 serikali ikazuia baiskeli na pikipiki za biashara kuingia katikati ya Bujumbura. Katazo linaweza kumwondoa mtu barabarani kwa siku moja. Mzigo wake unabaki pale pale, unasubiri kupelekwa.

Kanuni nyingine inayozungumzwa vibaya ni ile ya njia ya baiskeli. Nchi nyingi husema: pakiwa na njia ya baiskeli, tumia hiyo, toka barabarani. Ni haki kabisa, kwa sharti kwamba njia hiyo inapitika. Nimewahi kuifuata njia moja ya baiskeli hapa mjini asubuhi ya siku ya kazi, nikihesabu. Ndani ya kilomita moja nilishuka mara sita: kwa meza ya viatu vya mtumba, kwa kijiwe cha bodaboda, kwa gari lililoegeshwa, kwa shimo la mtaro lisilo na mfuniko, kwa rundo la mchanga wa ujenzi, kwa kituo cha basi kilichojaa watu. Mara ya sita nilirudi barabarani, na dereva wa nyuma yangu akatoa kichwa dirishani kuniuliza kama sioni njia yangu. Kwa alipokaa yeye, njia ilikuwa pale, imechorwa vizuri.

Kwa hiyo ukiniuliza kama baiskeli ipite barabara kuu, nitakuuliza ni ipi. Yenye uzio na milango, na barabara nyingine ipo kandoni: usiingie, hata kama ni Jumapili na hakuna gari. Ya kuunganisha mikoa, inayokatiza vijijini: ni yako kama ilivyo ya lori, kaa kushoto, kwenye ukanda wa pembeni kama una lami, na ukifika kwenye mchepuko usiupite kwa kudra. Simama, geuka, tazama nyuma, vuka kwa mkato mfupi kama mtu anayevuka barabara kwa miguu, kisha endelea. Giza likiingia na huna taa, shuka ukokote. Najua mkaa unatakiwa ufike kabla ya saa moja. Taa ya kuchaji ya mbele na kioo chekundu cha nyuma ni vitu vya bei ya chini kuliko gunia moja la mkaa, na vinaonekana kutoka mbali kuliko mtu.

Na kwa wanaojenga na kutunza barabara, ombi langu ni dogo kuliko njia za baiskeli za rangi nyekundu tunazoziona kwenye picha za Ulaya. Ni ile ngazi ya Kiluvya. Mvua inakula changarawe, lami inabaki juu, na mtu aliyeondoka barabarani kumpisha mwenzake hawezi kurudi. Kuisawazisha ni kazi ya kifusi, greda na roli la kushindilia, na inabidi irudiwe baada ya kila masika. Ningeanza na hiyo, kabla ya kusimamisha bango lolote la kukataza.